Viazi vya Marehemu Ngeleka

Jumatatu, tarehe 4 Juni 1956

Baridi kali asubuhi. Ngeleka amezikwa juzi. Mpishi mkuu wa nyumba ya wageni ya kampuni, hapa Kolwezi. Alikufa akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi, na viazi havikuungua. Mtu wa namna hiyo!

Mpishi wa pili ni mimi, Badibanga, mtu wa misheni, miaka tisa jikoni. Miaka tisa ya kumenya! Wa tatu ni Banza, mtu wa kaskazini, shingo ndefu, maneno machache. Simpendi.

Leo Madamu anayesimamia nyumba ya wageni ametuita sote wawili. Amesema mainjinia wanaweza kusamehe nyama ngumu na kahawa baridi, lakini viazi hapana. Viazi vya Ngeleka viliwasahaulisha kwamba wako mbali na mama zao. Basi Jumamosi ya tarehe 16 kila mmoja wetu atapika vyakula vitatu vya viazi vya Kizungu: friti, kroketi, na pire, yaani viazi vya kusongwa kwa maziwa. Atakayeshinda atakuwa mpishi mkuu na kupewa nyumba ya Ngeleka huko Kapata, kambi ya wafanyakazi. Vyumba viwili! Jiko nyuma! Atakayeshindwa atapewa sepeto kwenye shimo la madini la Musonoi, maana Madamu hataki wapishi wawili wanaonuniana.

Tshiela, mke wangu, ameisikia habari hii akiwa amekaa juu ya sanduku, kwa sababu chumbani kwetu hakuna nafasi ya kiti. Akanikumbusha kwamba ninamwahidi nyumba tangu Fidélie, binti yetu, hajaota meno. Sasa Fidélie ana miaka minne na anatafuna mifupa. Nikikosa safari hii atamchukua mtoto aende Nzilo, kwa kaka yake anayefanya kazi kwenye bwawa la umeme, na nisimfuate. Amesema bila kupaza sauti. Tshiela akipaza sauti siogopi.

Nampenda mwanamke huyu. Lazima nishinde. Shida ni moja tu: kroketi sijui.

Jumanne, tarehe 5 Juni

Mpango umepatikana! Kisu.

Ngeleka alikuwa na kisu kidogo cheusi, kimenolewa mpaka kikawa chembamba kama jani la mahindi. Kwa kisu hicho, kwa mkono wa kushoto, alimenya kiazi kizima bila kukata ganda, likashuka utepe mmoja mpaka sakafuni. Ufundi ulikuwa katika kisu, sina shaka. Mkono ni nyama tu.

Nimekwenda matanga jioni hii baada ya kazi. Nimelia kuliko jamaa zake. Mjomba wao mkubwa, Tata, yaani Baba, Kabeya, amekuja kwa treni kutoka Luputa, kwetu Kasai. Amekaa mkekani na uso wa mtu mwenye mzigo asiyejua amtwishe nani. Shida yao ilikuwa wazi: hakuna wa kurithi nafasi ya marehemu. Kaka na wadogo zake wamekufa, mwanawe mkubwa ana miaka sita.

Nikaomba kisu. Kumbukumbu tu, nikasema, ya rafiki.

Tata Kabeya akaniuliza mara tatu. Mara ya tatu akanishika bega: "Tata Badibanga, unayua ile kisu inaendaka na nini?" Nikamwambia nayua sana. Basi akanikalisha juu ya kigoda cha marehemu. Akanipaka udongo mweupe mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Akaninywesha pombe kutoka kikombe cha marehemu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mjane, Mama Tshibola, hakunitazama.

Je, najua maana ya mambo hayo? Najua, mimi ni Muluba. Anayekalishwa hivyo anaingia mahali pa marehemu, jina lake na vyote vyake. Lakini hayo ni mambo ya kijijini. Kapata kuna taa barabarani na king'ora cha saa sita. Udongo nimeunawa kwa sabuni nilipofika bombani. Kisu kiko mfukoni. Kufa kufaana!

Alhamisi, tarehe 7 Juni

Ushindi kabla ya vita! Mkubwa wa kambi aliniona na Tata Kabeya, akauliza mimi ni nani. Mzee akasema mimi ndiye mwenye nyumba. Tumepewa ufunguo leo, tukae hadi Madamu aamue. Mama Tshibola na watoto wake wanne wamehamia chumba cha jirani. Nilitaka kumpa pole, lakini nilikuwa na kitanda mgongoni.

Tshiela amecheka alipoona milango miwili. Kisha akaacha kucheka. Akasema nyumba inanuka kungumanga, ile mbegu ambayo Wazungu huikwangua juu ya viazi. Nimefungua madirisha yote. Bado inanuka.

Nyuma ya jiko kuna tuta la viazi. Wakati huu wa baridi bustani za watu wote zimekauka, la Ngeleka ni kijani kibichi na udongo wake una unyevu, ingawa bomba liko mbali. Sijauliza. Kizuri hakiulizwi. Nimechimba ndoo moja, viazi vya unga, rangi ya siagi.

Mazoezi ya kwanza: friti. Mtu anakata viazi unene wa kidole, anaviosha, anavikausha kwa kitambaa. Anavitia katika mafuta ya ng'ombe ambayo hayajachemka sana, mpaka vilainike bila kubadilika rangi. Anavitoa vipumzike. Halafu anavirudisha katika mafuta makali dakika mbili, vinatoka vinaimba. Nimewahi kuona mara elfu. Mimi niliruka kupumzika, kwa nini kiazi kipumzike na mimi nimesimama? Vikatoka vyeusi nje na vibichi ndani.

Banza alikuwa anapita njiani. Akaegemea ugo, akauliza kama nachoma makaa ya kuuza. Mshenzi.

Nimeacha ndoo ya pili ya viazi sakafuni, na maganda yake. Nimechoka.

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Jambo la ajabu. Asubuhi nimekuta viazi vyote vimemenywa! Vimo majini, vyeupe. Na maganda yametundikwa kwenye msumari wa mlango, tepe tepe ndefu. Nimezihesabu: arobaini na moja. Hakuna hata moja iliyokatika.

Nikamshukuru Tshiela. Akasema hakuamka. Akanitazama vibaya, akidhani namtania.

Fidélie akasema ni tata aliyemenya. Tata gani? Wewe, akasema. Ulikaa pale mlangoni kabla jua halijatoka, ukamenya na mkono huu. Akainua mkono wake wa kushoto. Nikamwambia mimi situmii kushoto. Akasema najua, ndiyo maana nilikuita mara mbili.

Nywele zimesimama, nakiri. Nimekaa kitandani nikiwa nimevaa viatu. Lakini saa nne akili imerudi. Nani katika Kolwezi yote ana mmenyaji asiyekula posho, asiyeomba ruhusa, asiyeugua? Ni mimi peke yangu. Woga ni kitu cha watu wasio na mipango.

Leo jioni nimeacha ndoo mbili. Na sufuria chafu.

Jumapili, tarehe 10 Juni

Ndoo mbili zimemenywa. Sufuria haikuoshwa. Ana kiburi.

Misani watu wamenisalimu kwa Kiluba, kwa heshima kubwa. Moyo, Tata Ngeleka! Moyo, moyo! Mwanzoni nilitaka kuwasahihisha. Halafu nikaona kwamba Badibanga hajawahi kupewa nafasi ya kukaa benchi la mbele. Nikakaa. Mwana wa marehemu, yule wa miaka sita, akaja akashika suruali yangu wakati wa mahubiri yote. Mkono wake ulikuwa wa moto. Sikuutoa.

Mchana Mama Tshibola ameleta sahani iliyofunikwa kitambaa. Amepiga goti, akaiweka mbele yangu, akaondoka bila neno. Chakula kama hicho mwanamke humpelekea mume wake. Ukila, umekubali. Kila mtu anajua.

Lakini ilikuwa kuku! Na bukari, ugali wetu, nyeupe laini. Nikafikiri: kula si kukubali, kula ni kula. Nikamaliza.

Tshiela alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Ameniambia kwamba kuku ya mutu mungine inakuwaka na mifupa murefu. Nikamjibu kwamba mifupa nimeacha. Hakucheka. Ameanza kulala na mtoto chumba cha pili. Basi, ndiyo faida ya vyumba viwili.

Jumatatu, tarehe 11 Juni

Nimefungua daftari hili niandike habari ya leo. Ukurasa umejaa. Mwandiko ni wangu, wino ni wangu, lakini umelala upande mwingine, kama majani yaliyopigwa na upepo. Nanakili hapa kama ulivyo, kisha ukurasa ule nimeukunja usionekane:

"Kroketi. Chagua viazi vya unga, si vya maji. Chemsha na ganda lake. Menya vikiwa vya moto, uvumilie vidole. Ponda, weka tena motoni kidogo mvuke wote utoke. Viini vya mayai vitatu kwa kilo, siagi, chumvi, kungumanga kidogo. Usitie maziwa. Tandaza kwenye sinia, acha ipoe mpaka kesho. Usiharakishe. Viringisha urefu wa kidole cha kati. Unga, ute wa yai, kisha makombo ya mkate mkavu. Kaanga chache chache. Mtu anayejaza sufuria hana adabu. Mimi sikuwahi kujaza sufuria, na mke wangu Tshibola ni shahidi."

Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Mchana kweupe, jua linawaka, jirani anapiga bati lake, na mimi meno yanagongana.

Halafu nikaona: hii ndiyo siri yenyewe! Miaka tisa nilimwuliza akiwa hai, akaniambia niendelee kumenya. Sasa anaitoa bure. Wafu hawana uchoyo.

Sasa Banza. Viazi vya maji havishiki, hupasuka katika mafuta. Nimenunua sokoni kapu zima la viazi vya maji, vya mwaka huu, vinavyotoka jasho. Nimempelekea Banza kama zawadi. Nikamwambia tuwe marafiki, ni vya bustani ya Ngeleka. Ameshukuru. Ameniuliza kwa nini nimempa mkono wa kushoto. Nikasema wa kulia una jipu.

Hauna jipu. Sikujua kama nimempa kushoto.

Jumanne, tarehe 12 Juni

Kroketi zimetoka kama vidole vya malaika! Nimekula kumi na sita. Mikono ilikwenda yenyewe, mimi nilikuwa natazama tu, kama abiria dirishani. Nilipotaka kukoroga haraka ilikataa. Nilipotaka kujikuna kichwa, mkono ulimaliza kwanza kuviringisha.

Kazi bila uchovu. Nani alipata bahati hii?

Jumatano, tarehe 13 Juni

Siku mbaya.

Tshiela ameniomba kitu. Tangu Jumapili hajaniomba kitu, kwa hiyo nilifurahi. Alitaka nimpikie viazi vya karanga. Hicho ndicho chakula nilichompikia siku ya kwanza alipofika hapa kutoka Luputa, amechoka, treni imemtia moshi machoni. Si cha Wazungu, ni changu. Viazi vinachemshwa, vinapondwa kwa mwiko vibaki na mabonge. Karanga zinakaangwa kavu, zinatwangwa mpaka mafuta yatoke, zinachanganywa na maji ya moto, chumvi, pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Unamwaga juu, unafunika, unangoja pumzi tatu. Naweza kukipika nikiwa nimelala.

Nikapika. Niko macho! Nikatwanga karanga mwenyewe. Kopo la kungumanga lilikuwa juu ya kabati, limefungwa, nililiona.

Tshiela akaonja. Akaweka kijiko chini polepole.

Nikaonja mimi. Kungumanga. Na hakuna bonge hata moja, laini kama pire ya mainjinia. Nikatazama sahani ya Fidélie: viazi vimekaa vidole vidole, vimepangwa sita sita.

Tshiela akasema: "Mi niliolewa na Badibanga. Huyu anapika ni nani?"

Nikacheka ili tucheke wote. Kicheko kikatoka kinene, na mwishoni kikohozi. Sina kikohozi. Sote tunakijua kile kikohozi, kilisikika kutoka jikoni miaka tisa. Fidélie alijificha nyuma ya mama yake na kuuliza tata yake yuko wapi.

Tshiela ameniomba nirudishe kisu kwa Tata Kabeya leo hii. Nikasema baada ya Jumamosi. Ameniomba tena, na safari hii alinishika mkono, wa kulia, akaubana kama mtu anayetaka kuvuta kitu kisimani. Nikasema mtu hashuki treni kabla ya stesheni. Nyumba hii ni kwa ajili yake! Akauachia mkono. Amekaa kimya hadi sasa, na mimi naogopa ukimya huo kuliko mambo mengine yote ya nyumba hii.

Alhamisi, tarehe 14 Juni

Nimepata njia ya katikati. Mimi si mjinga.

Nimekwenda kwa Tata Kabeya kabla ya kazi. Nimempendekezea kwamba nafasi ya marehemu niishike mpaka Jumamosi saa nane mchana tu. Baada ya hapo nirudishe kisu, kigoda na jina, vyote safi, na yeye amtafute mwingine kwa utaratibu. Nikamwongezea tumbaku.

Mzee amecheka mpaka akajishika mbavu. Amesema: "Jina haiko baiskeli ya kuazima, mwana wangu." Kisha akaacha kucheka. Akasema alinionya mara tatu, kwa sababu desturi inataka mara tatu, na mara zote tatu alitumaini nitakataa. Kwa kuwa alimwona Ngeleka amesimama nyuma yangu, amenyoosha mkono, kama mtu anayengoja basi.

Nikamwuliza Ngeleka anataka nini. Mzee akasema anataka kumaliza kupika. Tena hakufurahi kuona mke wake analala kwa jirani.

Tumbaku hakurudisha.

Jumamosi, tarehe 16 Juni

NIMESHINDA!

Niandike kwa mpangilio. Viazi vya kroketi kila mmoja aliviponda jana, vipoe. Banza alipika kwanza. Nilikaa pembeni nikingoja kroketi zake zipasuke. Zilipasuka! Ya kwanza, ya pili, mafuta yote yakawa uji. Nikajikaza nisicheke. Yule mtu akakunja mikono ya shati, akachukua viazi vyangu vya maji vilivyobaki akavipika supu na liki, kitunguu kile cha majani, na maziwa. Mainjinia wawili wakaomba sahani ya pili! Zawadi yangu! Tangu lini supu ni kroketi? Nikatoka jasho.

Zamu yangu ikafika saa tano na nusu. Nikashika kisu.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka mvuke. Nakumbuka mtu anakohoa. Baruti ya Musonoi ililia saa sita kamili kama kila siku, sahani zote zikatikisika, na mimi nikajiona niko karibu na dirisha, natazama mgongo wa mpishi aliyeinama juu ya jiko. Mgongo mpana. Aproni imefungwa fundo la kushoto. Nikafikiri, huyu anajua kazi. Halafu nikarudi, sahani tatu zikiwa mezani.

Friti zilikuwa zinaimba. Kroketi kumi na mbili, sita sita. Madamu akaonja pire. Akakaa chini. Rangi ikamtoka. Injinia mzee, yule mwenye ndevu, akapangusa macho kwa kitambaa cha meza, akasema jina moja tu: Ngeleka.

Madamu akaniita. Alinitazama kwa muda mrefu, akitafuta kitu usoni mwangu, na nadhani alikipata. Hakuuliza jina. Akafungua daftari la wafanyakazi, akaliacha jina la Ngeleka pale lilipokuwa, mstari wa kwanza, akapiga mstari juu ya Badibanga.

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Mdomo ukasema: Ndiyo, Madamu, asante.

Banza alikuwa mlangoni na kofia mkononi. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliniambia hana wivu. Jumatatu ataenda Musonoi, atashika sepeto, na msimamizi akiita Banza ataitika yeye. Kisha akanipa pole. Pole! Mimi niliyeshinda! Watu wa kaskazini ni wagumu kuwaelewa.

Jumapili, tarehe 17 Juni

Jana nilikimbia kutoka nyumba ya wageni hadi Kapata. Nilitaka nimwambie Tshiela kabla mtu mwingine hajamwambia. Nilikuwa na kroketi nne katika kitambaa, bado za moto.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba cha pili kitupu. Sanduku hakuna. Jirani akasema lori la Nzilo lilipita saa tano na nusu, na mke wangu alipanda na mtoto, na Fidélie alilia akisema tata ataachwa peke yake na yule mwingine.

Sufuria ya karanga ameiosha na kuigeuza juu ya meza. Nimekaa mbele yake. Nimelia. Si kama matangani, kwa kelele. Hivi hivi tu, mpaka shati likalowa. Nampenda mke wangu. Nyumba yote hii nilikuwa namtafutia yeye.

Jua lilipoegemea upande wa mashimo, Mama Tshibola ameingia na mikeka, watoto wanne, na kuku watatu. Hakugonga. Amefagia, amewasha moto, amelaza watoto chumba cha pili. Tata Kabeya naye amekuja na kukaa katika kiti changu. Wote wamefurahi kimya kimya, kama watu ambao mwenyeji wao alichelewa safarini. Mama Tshibola amenitazama usoni kwa mara ya kwanza. Macho yake mazuri, na hayakunitazama mimi.

Nikamwambia mimi ni Badibanga. Akasema ndiyo, ndiyo, na akaniongezea mchuzi.

Leo watoto wanaita tata. Ninaitika. Nikikaa kimya, mtu anaitika.

Jumatano, tarehe 20 Juni

Habari njema kabisa!

Dereva wa lori ameleta salamu jikoni. Kwanza, Tshiela hajambo, yuko kwa kaka yake, hataki barua. Pili, na hili ndilo jambo lenyewe: Tata Kalala, mpishi wa nyumba ya wageni ya Nzilo, amefariki juzi. Samaki wake walisifiwa hadi Likasi. Nyumba yake ina vyumba VITATU, inatazama maji, na iko hatua mia mbili tu kutoka kwa kaka wa Tshiela!

Sikuweza kukaa kitako. Kila kitu kimejipanga chenyewe. Kosa langu safari ile halikuwa kisu, lilikuwa umbali. Nikipata nyumba ya Kalala, Tshiela hana haja ya kurudi kwangu. Mimi ndiye nitakayekuwa mlangoni kwake. Ngeleka abaki hapa Kapata na mke wake, watoto wake na pire yake. Ni mtu mzima, anaweza kazi bila kusimamiwa. Mimi nitakuwa Kalala kwa muda tu, hadi mambo yatulie. Inasemekana alikuwa na mwiko mrefu wa mti wa mukwa. Nitauomba kama kumbukumbu.

Lori linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kuwa Kalala sikumjua, machozi lazima yafanyiwe mazoezi. Nimekwenda nyuma ya jiko mchana huu, nimekaa kwenye tuta la viazi, nimelia kwa sauti, mikono kichwani, nikibadilisha hapa na pale. Imetoka vizuri sana. Vizuri kupita kiasi: majirani wamekuja mbio, wanaume wamevua kofia, wanawake wamefungua vilemba. Wameniuliza kwa huruma, Tata Ngeleka, nani amekufa?

Nilitaka kusema Kalala. Mdomo ukasema: Badibanga.

Mama mmoja akasema alikuwa kijana mwenye maneno mengi, lakini hakuwa mbaya. Mwingine akakumbuka viazi vyake vya karanga. Wakatandika mikeka uwanjani, wakaanza kuimba.

Nilifikiri niwasimamishe. Lakini walikuwa wamekwisha leta sukari, kilo nzima.